Sanamu Zilizokuwa Zikitafuta Dirisha

Kwa miaka yangu yote ya kazi katika makumbusho ya Kasongo niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba sanamu ya mtakatifu ikikaa mbali na kanisa lake hukua. Ndiyo, hukua, kama muhogo. Aliyeniambia ni mama muuza maandazi wa langoni, wiki yangu ya kwanza, na sababu alinipa nzuri kabisa: sanamu inarefuka polepole ili ifikie dirisha na kuona barabara ya kwao. Ninyi vijana mnaopokea kazi yetu mtacheka. Chekeni. Lakini mimi sikuamini kwa kusikia tu, mimi nilipima. Nilipima mwaka baada ya mwaka, nikaandika katika rejista, na rejista ikasema mama wa maandazi hakudanganya.

Imani hiyo nusura imrudishe mama mmoja wa Lusangi kwao na mtakatifu asiye wake. Nitafika huko. Nianzie kwanza pa kuanzia, maana mzee akianza hadithi katikati, watu husema kichwa kimeanza kuvuja.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kuazima, na cheti changu cha masomo ya jioni ndani ya mfuko wa plastiki. Masomo hayo niliyamaliza nikiwa tayari na watoto watatu, na nilikuwa wa kwanza katika darasa zima. Darasa lilikuwa na watu wanne, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Makumbusho yenyewe mnayajua: nyumba ya matofali, baraza, na vyumba vitatu. Cha kwanza ngoma na mikuki, cha pili viti vya machifu na vinyago, cha tatu, kile kirefu, watakatifu. Nilikuta Maria saba, Antoni wawili, Petro mmoja aliyepoteza funguo, na Yozefu mmoja mdogo. Wengi wao waliletwa wakati wa vita. Makatekista waliwafunga juu ya baiskeli wakawatoa katika makanisa ya huko Kabambare, wakatuachia ili wasichomwe wala wasiibwe, wakapewa kila mmoja karatasi ya kupokelewa, wakarudi mbio.

Nyumbani habari ya kazi yangu ilizua maneno. Sisi ni Waislamu tangu babu wa babu, na mimi nimeajiriwa kuchora watakatifu wa Wakatoliki! Mjomba alinuna wiki nzima. Mama yangu alikata kesi kwa sentensi moja: "Ukiwachora ni kazi. Ukianza kuwaomba mvua, njoo unambie." Sikuwahi kuwaomba mvua. Mara moja tu nilimwomba Antoni anitafutie ufunguo wa kabati, na hilo nilimwambia mama.

Aliyenifundisha kuchora ni Papa Benoît, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole virefu kuliko mikono yake. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amelala kifudifudi chini, ameweka karatasi mbele ya unyayo wa Maria, anachora kidole gumba. Nikadhani ameanguka.

"Papa, nikuinue?"

"Shuka wewe," akanijibu. "Kazi iko huku chini. Anzia miguu. Mutu akianza na uso, karatasi inaisha mbele ya miguu, na mutakatifu anabakia kama anazama mu maji."

Sheria hiyo sijaivunja hadi leo. Hata wajukuu wangu nikiwachora naanza na miguu, nao hawapendi, kwa kuwa daima ina matope.

Kwa nini tulichora, wakati dunia nzima inapiga picha? Kwa sababu kamera ya nyumba iliondoka na vita, na simu za siku zile zilijua kuita tu. Basi kila mwaka, mvua zikikatika, kila sanamu ilichorwa mara mbili, mbele na ubavuni, na kipimo chake kikaandikwa katika rejista. Vyombo vyetu vilikuwa hivi: kreyo, yaani kalamu ya mti ya kuchonga, wembe wa kuichonga, mlango wa kabati bovu wa kuwekea karatasi, na kipande cha sapatu ya mpira iliyokatika, ambacho ndicho gomu ya kufutia. Chagueni sapatu ya buluu. Nyekundu inaacha damu juu ya karatasi, na Petro wangu wa mwaka wa kwanza anaonekana kama ametoka vitani.

Meta ya kupimia nayo ilikuwa imeondoka na kamera. Papa Benoît alifungua droo, akatoa kreyo moja nyekundu, ndefu, mpya, ambayo wembe haujaigusa.

"Hii njo kipimo ya nyumba," akasema. "Usibadilishe hata siku moja. Kipimo ikibadilishwa, kazi ya jana na kazi ya leo hazisikilizane tena."

Akanionyesha: unailaza kreyo juu ya sanamu toka unyayoni, unatia alama kwa ukucha, unaipandisha, unatia tena. Siku ileile, kwa bahati, katekista mmoja alifika mlangoni na Yozefu mkubwa mgongoni kama anambeba mgonjwa. Yozefu wa mti mgumu, ameshika randa ya seremala, ana uso wa kijana wa huku kwetu, midomo imebana kama anayezuia kicheko. Nilipima mwenyewe: kreyo sita kamili. Nikaandika karatasi kwa kalamu ya biki: *Yozefu wa mti, kreyo sita*, nikaweka sahihi kubwa kuliko Yozefu. Ilikuwa karatasi yangu ya kwanza ya serikali. Katekista aliikunja mara nne akaiingiza ndani ya kofia.

Masika iliyofuata Papa Benoît alirudi kwao kulea mbavu zake zilizokuwa zinamsumbua, nami nikabaki mchoraji wa nyumba. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuiheshimu ile kreyo. Niliona aibu kreyo nzuri namna hiyo kulala bure ndani ya droo. Nikaichonga, nikawa naandikia vipimo kwayo, ili mkubwa yeyote atakayefungua rejista aone wekundu tangu mlangoni. Lakini sikuibadilisha! Nyingine zilikuja, zikaenda, zikaliwa na panya, zikaombwa na wageni wakaondoka nazo nyuma ya sikio. Nyekundu ilibaki palepale.

Basi, mwaka wa pili nikapima. Yozefu mkubwa: kreyo sita na ukucha. Nikapima tena. Sita na ukucha. Nikaketi chini. Miaka michache baadaye alikuwa sita na nusu, halafu saba, halafu saba na robo. Na si yeye peke yake. Maria wote saba, Antoni wawili, hata Petro, wote walikuwa wanapanda pamoja, kama mahindi yaliyopandwa siku moja. Nilitoka hadi langoni nikamnunulia mama wa maandazi maandazi yake mwenyewe, kwa heshima. Nilifanya hesabu, msiniulize jinsi gani, nikaona kwamba kabla sijastaafu Yozefu atatoboa mabati. Nikawa namchora mrefu zaidi kila mwaka, kufuatana na rejista, na miguu yake ikabaki ileile, ndiyo maana katika michoro ya mwisho anafanana na korongo.

Siku moja sista mgeni, mwenye miwani, aliniuliza swali la maana: "Kama anakua, mbona kichwa chake hakijapita ule musumari wa ukutani?"

Nikamjibu hapohapo: "Sista, anakunja magoti. Ni adabu."

Aliandika kitu katika daftari lake. Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba ameandika jibu langu.

Sasa, wageni. Hapa ndipo kazi ilipo, vijana, sanamu ni rahisi. Sanamu haikohoi. Mgeni mtazameni miguu, msimtazame uso, kwani uso umefundishwa shuleni na miguu haikwenda. Wafanyabiashara wa Nyangwe huingia haraka, hupita ngoma na vinyago bila kusimama, kisha husimama nusu saa mbele ya mtumbwi mdogo wa mti na kugombana na aliyeuchonga: "Kasia gani hii? Na hii utafika wapi?" Wachimba dhahabu hubisha hodi juu ya kila sanamu kwa kifundo cha kidole, wasikie kama kuna kitu ndani. Wamama wa Kikristo hutembea kwa vidole vya mbele, kana kwamba Maria amelala. Wamama wa Kiislamu wa mjini husimama ubavuni, mtandio mdomoni, wanatazama kwa jicho moja, halafu wanauliza jambo ambalo padri hajawahi kuuliza: "Huyu nguo yake nani alimshonea?" Nilikwenda kuangalia mshono. Ulikuwa umechongwa hadi uzi! Miaka sita nilikuwa namchora yule Maria na sijauona.

Nilizoea kuketi kwenye kigoda karibu na dirisha, ninachora watakatifu upande mmoja wa karatasi na miguu ya wageni upande wa pili. Nina miguu elfu kumi. Haya, mia nne. Kila jozi nilijua iliitafuta sanamu ipi.

Ndivyo nilivyomjua Mama Feza kabla hajasema jina lake. Ilikuwa mwezi wangu wa mwisho kazini. Alikuja na pikipiki mbili, moja yake na moja ya mzigo, kutoka Lusangi, huko Kabambare, siku mbili za njia, matope hadi kiunoni, amebeba kitu kirefu kilichofungwa ndani ya kitenge. Alikuwa wa umri kama wangu. Miguu yake ilimpita Petro, ikawapita Antoni, ikampita Yozefu mdogo bila hata kupunguza mwendo. Mbele ya Yozefu mkubwa vidole vyake vilijikunja ndani ya sapatu. Akanyanyua ncha ya kitenge, akamfuta vumbi machoni.

"Yaya," akamwambia sanamu, kama anayemwita kaka yake mkubwa, "hawa watu hawakuoshake?"

Niliona haya. Nilikuwa nimemwosha wiki ileile, lakini siyo machoni.

Alinieleza tukiwa tumesimama. Baba yake ndiye aliyemchonga Yozefu yule, akampa uso wa mtoto wake wa kwanza, Musafiri. Musafiri aliondoka wakati wa vita na hakurudi. Picha yake hawana, hata moja. Kanisa la kwao sasa limesimama tena, lakini hilo halikuwa la kwanza kinywani mwake.

"Mama yetu angali iko," akasema. "Macho yamekufa. Kila siku ananiuliza tu: Feza, utaniletea lini nimuguse uso? Mimi nasema kesho. Nimesema kesho mpaka nimechoka, Papa."

Tukaingia kwa Shefu, mkuu wa makumbusho. Shefu wetu mpya, mnamjua, kijana aliyesoma, mtu wa haki, mwenye meta ya chuma mfukoni na glasi ya kreyo mpya juu ya meza. Mama Feza akaweka mbele yake karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye jasho la kofia ya yule katekista. Sahihi yangu! Niliitambua kwa mbali kama mtu anayemwona mtoto wake sokoni. *Yozefu wa mti, kreyo sita.*

Shefu akafungua rejista. "Papa Salumu, Yozefu mukubwa hapa ana kreyo kumi na moja."

"Ndiyo, Shefu."

"Na karatasi ya mama inasema sita."

"Ndiyo, Shefu."

Mama Feza akafungua kitenge chake. Ndani mlikuwa na ufito mwembamba, mweusi kwa moshi. Kwao, mchongaji anapoanza kazi anakata ufito wa urefu wa kazi ile, anautia alama tatu, goti, mkanda na kidevu, na kazi ikiisha hautupi. Anauchomeka ndani ya dari juu ya moto, ukae huko muda wote kazi itakaokaa duniani. Tulirudi chumba cha tatu, akausimamisha ufito kando ya Yozefu mkubwa. Goti kwa goti. Mkanda kwa mkanda. Kidevu kwa kidevu.

Shefu alishika kichwa. "Mama, unisamehe. Mimi nakuamini. Lakini nitaandika barua Kindu, kwa wakubwa wa jimbo, na kule wanasoma karatasi, hawasomi fito. Watasema fimbo inaweza kukatwa jana." Akaniomba kreyo ya kipimo. Nikamtolea nyekundu mfukoni, akaipima kwa meta yake. "Sentimeta tisa na nusu. Mara sita, hamsini na saba." Akatembea na meta hadi kwa Yozefu mdogo, akapima toka unyayo hadi utosi. "Hamsini na saba."

Mama Feza hakupaza sauti. "Ule hapana," akasema. "Ule ana uso ya mutu mwenye kuumwa meno. Nitamupelekea mama yangu ule, atie mikono, atasema nini?"

Hapo nikaona ni lazima nimwokoe. Nikajitokeza mbele, nikanyoosha mgongo.

"Shefu, mama ana haki. Ni mukubwa. Ila siku ile alipofika alikuwa mudogo. Amekua."

Nje, pikipiki ilikuwa inakohoa.

"Amekua," Shefu akarudia.

"Kreyo tano. Iko yote mu rejista, na kreyo nyekundu, mwaka kwa mwaka."

"Papa Salumu," akasema polepole, "nikiandika hivyo Kindu, mimi na wewe tutastaafu siku moja."

Nilitaka kumweleza habari ya dirisha, lakini Mama Feza alikuwa ananitazama. Hakucheka. Alinitazama kama seremala anavyotazama ubao, jicho moja amelifumba, kutafuta ulipopinda.

"Papa, unionyeshe vile ulikuwa unapima."

Nikamwonyesha juu ya Yozefu mkubwa, ukucha kwa ukucha, moja, mbili, hadi kumi na moja.

"Na siku ulimuandikia katekista karatasi, ulipima na nini?"

"Na hii hii!" Nilimwinulia juu aione. "Haijabadilishwa hata siku moja."

"Ilikuwa imechongwa?"

"Hapana, Mama! Ilikuwa mupya kabisa. Wembe haujaigusa."

Alirudi ofisini, akachukua kreyo moja isiyochongwa katika glasi ya Shefu, akaja akailaza juu ya rejista, kisha akaitoa yangu mkononi mwangu taratibu akailaza kando yake. Nilidhani anataka tubadilishane. "Mama, kipimo ya nyumba haibadilishwake," nikamwonya.

Shefu alizitazama zile kreyo mbili. Akaiokota ile mpya, akapiga goti mbele ya Yozefu mkubwa, akaanza toka unyayoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita, na ya sita ikaishia juu kabisa ya nywele. Alibaki amepiga goti, kichwa chini, mabega yanatikisika. Mtu akiwa katika sala hasumbuliwi, hata kama ni Shefu.

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Hakunieleza neno. Sasa najua ni heshima: nilikuwa nimebakiza wiki tatu, na kijana wa adabu hamwambii kila kitu mtu wa rika la baba yake. Alikaa mezani, akaandika barua, akagonga muhuri mara mbili kwa nguvu, akampa Mama Feza kwa mikono miwili. Kisha akaniambia, "Baba, msaidie mama kumfunga vizuri. Njia ni mbaya."

Tulimtoa Yozefu nje, mimi na mwenye pikipiki. Tulimvika blanketi, tukamfunga juu ya pikipiki ya mzigo kwa mipira ya matairi, mizunguko kumi. Mama Feza hakutaka uso ufunikwe. Alisema ameshakaa sana bila kuona njia. Neno hilo lilinigusa, maana lilikuwa karibu kabisa na neno langu, nikaona huyu ndiye mtu wa kumuuliza. Nilisogea karibu na sikio lake, Shefu asisikie.

"Mama, unambie kweli, mimi ni mutu wa kazi hii. Akifika kwao, ataendelea kukua, ao atarudi vile alikuwa?"

Alikuwa tayari amepanda nyuma ya pikipiki ya pili, ufito wa baba yake umelazwa juu ya mapaja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba amevaa shati kinyume.

"Papa Salumu," akasema, "muti ulikwisha kukatwa haukuake tena. Ni kreyo yako njo ilikuwa inapunguka."